Marejeo ni Ngamani
Asubuhi moja na fundi wa mashine katika Bandari ya Kale, Mombasa

Mpenzi msomaji, umewahi kuusikiliza Mji wa Kale wa Mombasa alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza upande wa Nyali? Kwanza ni adhana, msikiti huu ukipokezana na ule hadi mtaa mzima unaamka. Kisha kunguru, ambao kisiwani humu hawana haya wala adabu. Halafu muuza kahawa, akigonganisha vikombe vyake huku akipita vichochoroni. Na mwisho, kutoka majini, husikika mashine za vyombo vya wavuvi: tak-tak-tak-tak, kama cherehani iliyofungiwa ndani ya pipa.

Mlio huo wa mwisho ndio ulioniponza. Niliudharau, nikaulalamikia, na kwa ulimi wangu huo nusura niwaangamize watu watano, nami nikiwa mmoja wao. Leo nataka nikuchukue hadi ufukoni, nikuonyeshe mji, kisha tushuke pamoja ngamani mwa chombo nilikofunzwa adabu na fundi mmoja mzee. Twende basi.

KUSHUKA HADI MAJINI

Ukitoka katikati ya mji, fuata Barabara ya Nkrumah mpaka ufike Treasury Square. Mbele kidogo utaiona Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za dunia. Waarabu wa Omani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 kabla ya kuitwaa. Katika mazingira hayo, mwaka 1697, merikebu ya Wareno iitwayo Santo Antonio de Tanna ilizama chini tu ya kuta za ngome. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Ingia jumba la makumbusho uone baadhi ya vitu vilivyotolewa humo, kisha uyatazame maji yenyewe. Ni matulivu kama maziwa kwenye bakuli. Nani angedhani kwamba yamemeza merikebu nzima?

Kutoka hapo una njia mbili. Upande mmoja ni Ndia Kuu, na "ndia" ni "njia" kwa Kimvita, yenye nyumba za roshani za mbao na milango ya nakshi. Upande wa pili ni Barabara ya Mbarak Ali Hinawy, iliyopewa jina la aliyekuwa Liwali wa Pwani. Katika njia hii ya pili utaupita Msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe. Inasemekana ulijengwa mwaka 1570 hivi, yaani ni mkubwa kwa umri kuliko ngome. Ukifuata njia yoyote kati ya hizo mbili utatokea Government Square, na pua yako itakueleza kwamba soko la samaki liko karibu.

Hapo ndipo ilipo Bandari ya Kale. Karibu nayo kuna ngazi za Leven, zenye jina la manowari ya Kapteni William Owen, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1824. Jina hilo hilo la Leven limepewa pia mwamba mrefu ulioko nje, upande wa Nyali, palipo na mlango wa kuingilia bandarini. Naomba ulikumbuke, kwani tutakutana nalo tena.

Kabla ya Kilindini kupata gati za maji marefu katika miaka ya 1920, karne baada ya karne bandari hii ndiyo iliyokuwa mlango wa Mombasa. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yakileta tende, mazulia na chumvi, kisha yakangojea kusi ili yarudi na boriti za mikoko. Nahodha aliyechelewa upepo alikaa miezi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vyombo vilianza kutiwa mashine, na hadi leo vyombo vya mbao vingali vinatia nanga hapa. Ila tanga limekuwa kama mwavuli: watu hulikumbuka mvua inapoanza.

Mashine zenyewe ni za dizeli. Huenda hujui, msomaji, kwamba Dizeli ni jina la mtu. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alifaulu kuiendesha mashine yake ya kwanza ya kutegemeka mwaka 1897 mjini Augsburg. Usiku wa Septemba 29, 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza. Asubuhi hakuonekana. Siku chache baadaye mwili wake ulipatikana majini. Naam, mtu ambaye uvumbuzi wake umewavusha mabaharia wasiohesabika alimezwa na bahari yeye mwenyewe.

ULIMI ULIPONIPONZA

Ami yangu ana mashua ya mashine. Ni ya mbao, imekalafatiwa na kupakwa rangi upya kila mwaka, na ndani yake mna mashine ya Perkins 4.108, silinda nne, iliyotengenezwa Peterborough, Uingereza, kabla binamu yangu hajazaliwa. Chombo hicho kinalisha nyumba nne: ya ami, ya mabaharia wake wawili, na ya shangazi yangu mjane.

Mwaka huo nilitoka Nairobi kwa likizo mwezi wa Agosti, kusi ikivuma. Siku ya kwanza ami alinivusha mpaka upande wa English Point ili nibarizi kidogo. Nami, kwa kujiona mtu wa bara aliyezoea gari jipya, nikasema mbele ya wote: "Ami, mashine hii yapiga kelele kama cherehani za Biashara Street! Mtu hasikii hata anachoambiwa."

Mabaharia walicheka. Ami akatabasamu. Lakini binamu yangu, kijana wa miaka 19 ambaye ndiye anayeitunza mashine, hakucheka. Jioni ile, sisi tukila mahamri na mbaazi, yeye alirudi ufukoni na bisibisi na spana. Alifungua kifuniko cha juu, akakaza hapa, akakaza pale, kwa kusikiliza tu, mpaka kelele zikaisha. Kesho yake mashine ilikuwa ikinong'ona. Nikamsifu, na ami akamsifu pia.

Siku ya tatu tuliondoka alfajiri na maji ya kupwa, watu watano, kwenda kuvua kwa mishipi nje ya mwamba. Njiani ami alitega sikio. "Yavuta kidogo leo," alisema, lakini hatukumjali. Tulitia nanga, tukazima mashine, tukavua. Si haba, changu tulipata na tewa wawili wakubwa.

Jioni, kiasi cha saa kumi na mbili kasorobo, tuliukabili mlango wa bandari. Maji yalikuwa yamegeuka, yanakupwa, yanatoka kwa nguvu. Kusi nayo ilikuwa imechafuka. Hapo mashine ikaanza kukohoa. Ikatoa moshi mweupe, ikapunguza mwendo, ikatetemesha chombo chote, kisha kimya. Binamu yangu akaipiga stata. Ikazunguka bila kushika. Akaipiga tena. Ikazunguka kwa wepesi wa ajabu, kama kinu kisicho na nafaka.

Mpenzi msomaji, ukimya wa mashine baharini ni kitu kingine kabisa. Ghafla unayasikia mawimbi. Nami niliyasikia yakipasuka juu ya mwamba wa Leven, na kila mara yalipasuka karibu zaidi, kwa kuwa kusi ilikuwa ikitusukuma huko huko. Ami hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Nanga." Ikaburura, ikaburura, kisha ikashika. Tulikaa hapo tukirushwa huku na huku, tukisoma kila dua tuliyoijua, mpaka mashua nyingine iliyokuwa ikirudi ikatutupia kamba na kutukokota hadi Bandari ya Kale. Isha ilikuwa imekwisha adhiniwa.

Na sasa sikiliza ajabu. Asubuhi yake binamu alishuka majini, akaipiga stata mara moja, na mashine ikawaka!

FUNDI ASHUKA NGAMANI

Mtu mwingine angesema, "Alhamdulillahi, imepona," akatoka tena kuvua. Ami yangu amekula chumvi nyingi. Alimwita fundi.

Alikuja mzee mwembamba, umri umepita miaka 70, kofia ya kazi kichwani, na kijikapu mkononi. Hakuigusa mashine. Aliketi juu ya ukingo wa chombo, akaagiza kahawa, akaanza kuuliza kama daktari.

"Ilizimika ikiwa moto?"

"Ndiyo, Fundi," alijibu binamu.

"Na ilipopoa ikawaka?"

"Ndiyo."

"Ilipokataa, ilikuwa ikizunguka nyepesi au nzito?"

"Nyepesi sana."

Mzee akanywa kahawa yake, akaweka kikombe chini. "Kabla ya hapo, nani alizishika nati za juu?"

Kimya kikatanda. Kijana wa watu aliinamisha kichwa akavitazama vidole vyake vya miguu. Hapo nikajua hapana budi niseme. "Fundi," nikasema, "mkono ni wake, lakini maneno yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyelalamikia kelele."

Fundi alinitazama kwa muda, wala hakukasirika. "Mwanangu," alisema, "tapeti inayolia yakwambia kwamba ina nafasi. Iliyonyamaza kabisa, iulize kwa nini imenyamaza."

VILANGO VINAVYOGONGA

Ili umwelewe mzee, nikueleze kwa ufupi mambo yanavyokwenda ndani ya chuma kile.

Kila silinda ina vilango viwili juu yake, ambavyo mafundi huviita vali. Kimoja huingiza hewa safi, cha pili hutoa moshi. Kwanza pistoni hushuka na kufyonza hewa. Kisha vilango vyote viwili hufungwa, pistoni ikapanda na kuikandamiza hewa ile mpaka ibaki kama sehemu moja kati ya 22. Hewa iliyobanwa hivyo hupata moto wa zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Mlipuko huo huisukuma pistoni chini, na hiyo ndiyo nguvu inayozungusha pangaboi. Mwisho pistoni hupanda tena kuutoa moshi.

Sasa fikiri. Kama kilango hakikufunga sawasawa, hewa itavuja wakati wa kubanwa. Ikivuja haipati moto. Isipopata moto dizeli haiwaki, bali hutoka nje kama moshi mweupe. Ndiyo maana stata ilikuwa ikizunguka mashine kwa wepesi, kwani hapakuwa na kitu cha kuizuia.

Je, kilango kinakosaje kufunga? Vali husukumwa na kijimkono cha chuma kiitwacho roka. Kati ya roka na ncha ya vali lazima iachwe nafasi ndogo mashine ikiwa baridi, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Vali ya moshi ndiyo hupata joto kali zaidi, na hurefuka zaidi. Ukiinyima nafasi, ikishapata moto itaegemea roka na kubaki wazi kidogo. Ikipoa hufupika, ikafunga, na mashine ikawaka tena kama kwamba hapakuwa na lolote. Huo ndio muujiza uliomfurahisha binamu yangu asubuhi ile.

Nafasi ikizidi nayo ni hasara. Roka hugonga kwa nguvu, vilango hufunguka kwa kuchelewa, na chuma hulika. Lakini angalau kosa hilo hupiga kelele, mtu akalisikia. Kosa la kubana halisikiki, na likiachwa siku nyingi moshi wa moto hupenya ukingoni mwa vali na kuula kidogo kidogo, mpaka kichwa chote cha mashine kifunguliwe. Bandu bandu huisha gogo.

Na nafasi yenyewe ni kiasi gani? Kwa mashine hii ni sehemu 12 kati ya 1,000 za inchi, yaani milimita 0.30. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti, ukunje mara mbili upate tabaka nne, ubonyeze vizuri kwa vidole. Unene huo ndio karibu nafasi yenyewe. (Tafadhali, usiukunje huu kabla hujamaliza kusoma!) Mashine ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila kilango hufunguka na kufungwa mara 1,000 katika dakika hiyo. Kwa saa moja ni mara 60,000. Safari ya saa nne ni mara 240,000, na kila mara hutegemea nafasi ile nyembamba.

MOJA, TATU, NNE, MBILI

Fundi aliingojea mashine ipoe kabisa, kwani binamu alikuwa ameiwasha asubuhi. Tulikaa saa tatu nzima. Alipoona nahangaika aliniambia wazee wake walikuwa wakingojea upepo miezi mitatu, seuze sisi saa tatu.

Kisha akashuka ngamani, binamu nyuma yake, nami nikachungulia kutoka juu. Kwanza aling'oa waya wa betri, ili mtu asiiwashe mashine kwa bahati mbaya vidole vikiwa ndani. Pili alifuta kifuniko cha juu kwa tambara mpaka kikang'aa, maana chembe ya mchanga ikiangukia ndani itasaga kila inachokigusa. Ndipo akafungua nati na kukinyanyua. Ndani zilionekana roka nane zimejipanga, nyeusi kwa oili.

Kutoka kikapuni alitoa kitu kama kisu cha kukunja chenye majani mengi ya chuma, kila jani na unene wake. Mafundi hukiita fila. Akachagua jani la milimita 0.30, akampa binamu alishike.

"Mashine hii yawaka kwa zamu," alisema. "Moja, tatu, nne, mbili. Sema."

"Moja, tatu, nne, mbili," alisema kijana.

"Tena."

Kwa spana iliyoshika boliti ya puli ya mbele, mzee aliizungusha mashine polepole. "Zitazame vali za silinda ya nne. Moja yapanda, ya pili yaanza kushuka. Zinapishana, waona? Zinapopishana za nne, za kwanza zimefunga zote mbili. Hapo ndipo utazipima za kwanza. Zikipishana za pili, pima za tatu. Zikipishana za kwanza, pima za nne. Zikipishana za tatu, pima za pili."

Binamu alikunja uso, kisha akafurahi. "Fundi, ukijumlisha daima ni tano!"

Kwa mara ya kwanza mzee alicheka. "Ndiyo. Nne na moja, mbili na tatu. Ukisahau kila kitu, usiisahau tano."

Wakaanza. Silinda ya kwanza, vali ya hewa: jani lilipita, ila kwa kubana. Vali ya moshi: jani halikuingia. Fundi akachagua jembamba zaidi, halikuingia. Akachukua lililo jembamba kuliko yote, linalokunjika kama karatasi, nalo likakataa. Hakusema neno. Alimwachia kijana ajaribu mwenyewe, aone kwa mkono wake. Silinda ya tatu ikawa vivyo hivyo. Kati ya silinda nne, mbili zilikuwa zimenyongwa.

Namna ya kurekebisha ni hii: unalegeza nati, unazungusha skrubu ya roka kwa bisibisi mpaka jani lipite kwa kusuguana kidogo, kama noti mpya ukiichomoa kati ya kurasa za kitabu kizito. Halafu unaishika skrubu isicheze, unakaza nati. Na hapo, alisema mzee, ndipo wengi wanapokosea: hukaza nati wakaenda zao, kumbe nati ikikazwa huiburuta skrubu na nafasi hubadilika. Lazima upime tena baada ya kukaza. Yeye alipima mara mbili kila vali, na mbili za mwisho, za silinda ya pili, alimpa binamu azifanye peke yake huku amefumba macho kama aliyesinzia. Kijana alipokaza nati na kutaka kuondoka, mzee, macho bado yamefumbwa, akasema, "Pima tena."

Nilidhani angemkemea kwa kosa lake la juzi. La hasha. Alimwambia tu: "Sikio ni zuri kwa kusikia ugonjwa. Kwa kupima dawa, tumia kipimo." Kisha akaniangalia mimi huku juu, nami nikajua sehemu yangu ya maneno hayo ni ipi.

MLIO MTAMU

Walipomaliza waliizungusha mashine kwa mkono mizunguko miwili kamili na kupima upya vali zote nane. Walirudisha kifuniko na gasketi yake, wakafunga betri. Mara hii stata ilipopigwa ilizunguka kwa uzito, silinda zikibishana na mkono wake, kisha ikashika. Tukaiacha ipate moto. Fundi akaweka ncha ya bisibisi juu ya chuma na mpini wake sikioni, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine. "Tumeiwahi," alisema mwishowe. Vali hazikuungua.

Jioni tulitoka naye kuijaribu. Tuliipita Ngome ya Yesu ikiwa ya rangi ya dhahabu kwa jua la magharibi, tukaendelea mpaka tukaukaribia mnara wa taa wa Ras Serani. Kwa mbali nje, kwa mkono wa kushoto, mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya mwamba wa Leven. Mashine nayo ilikuwa ikisema: tak-tak-tak-tak, wepesi, sawasawa, bila kukohoa. Ni mlio ule ule niliouita cherehani. Jioni ile niliuona mtamu kuliko taarabu.

Nilimuuliza fundi kazi hii irudiwe baada ya muda gani. Alijibu kwamba kitabu cha kila mashine kina hesabu yake ya saa, na mwenye kuweza kuzihesabu na azihesabu. Yeye hupima kila upepo unapogeuka, kabla ya kaskazi na kabla ya kusi, kwani ndio wakati ambao bahari inakuja kukuuliza. Binamu yangu sasa ana fila yake mwenyewe. Huifunga katika kitambaa cha leso, na hamwazimi mtu.

UKITAKA KWENDA

Mpenzi msomaji, ukifika Mombasa usiishie kwenye Ngome. Tembea Mji wa Kale asubuhi mapema au baada ya alasiri, jua likiwa pole. Vaa nguo za heshima, kwani ni mitaa ya watu na misikiti yao, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya bandari. Magharibi keti barazani unywe kahawa chungu kwa kashata, na usikose viazi karai kwa ukwaju.

Na ukipanda chombo, hapa au kwengineko, usione haya kuuliza. Kina leseni ya Halmashauri ya Usimamizi wa Bahari? Maboya ya kuvaa yapo kwa kila mtu? Nanga na kamba yake viko wapi? Kisha, ukimwona nahodha ni mtu wa maneno, muulize ni lini mara ya mwisho alipima tapeti. Akicheka akakujibu kwa tarehe, panda. Akikwambia kwamba mashine yake haina kelele hata kidogo, fikiri mara mbili.

Wazee wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu atazunguka nyuma ya chombo, atakwenda mbele kupunga upepo, lakini mwisho atashuka chini, mahali pa giza panapokusanya maji, kwani huko ndiko usalama wa chombo unakotunzwa. Mimi niliisikia methali hiyo tangu utotoni nikadhani naijua. Maana yake niliipata siku ile, nimelala kifudifudi juu ya mbao, nachungulia ngamani, nikimsikiliza kijana akijifunza: moja, tatu, nne, mbili.